Majani ya Kiangazi Yasiishie Kwenye Kiberiti

Mwezi wa nane, huku Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, huna haja ya kuuliza nani kafagia uwanja wake na nani hajafagia. Moshi unasema. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi unaanza kupanda nyuma ya majiko ya Murubona na Kumsenga, unatanda juu ya mabati, na ikifika saa tatu nguo zote zilizoanikwa kambani zinanuka moshi. Simlaumu mtu. Majani yamepukutika, yamejaa hadi mlangoni, nyoka anaweza kulala humo, na kiberiti kipo jikoni. Dakika kumi kazi imekwisha.

Ila kinachoungua pale ni chakula cha shamba. Jani likipita motoni, naitrojeni yake karibu yote inapotelea hewani pamoja na kaboni. Yanabaki majivu, ambayo yana faida yake, lakini upepo wa Agosti unayabeba kabla hujarudi na beleshi. Mwezi wa kumi, yule yule aliyewasha moto utamkuta dukani anauliza bei ya mfuko wa mbolea.

Kabla ya kushika fagio tuelewane kuhusu msimu, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka kuhusu majani umetoka mbali na huku haufanyi kazi. Uingereza au kaskazini mwa Marekani miti hupukutisha majani Oktoba na Novemba kwa sababu baridi inaingia na mchana unafupika. Mtu anakusanya rundo, mvua na theluji zinaliloanisha, rundo linaoza lenyewe. Kwetu miti inapukutisha kwa kukosa maji. Mvua za nyanda hizi ni za msimu mmoja, zinaanza Oktoba na kukoma kuelekea Mei. Kati ya Mei na Oktoba mninga, mtundu na myombo huko porini, na mijakaranda iliyopandwa mjini, inavua majani ili isikauke. Kwa hiyo rundo utakalopanga Julai halitaoza. Utalikuta Septemba lilivyokuwa, kavu na jepesi, likingoja cheche. Watu wengi waliojaribu mboji kiangazi wakakata tamaa walikwama hapo: walikuwa na majani, hawakuwa na maji. Na nani atachota ndoo sita chemchemini, apande nazo kilima, halafu azimwage juu ya takataka?

Kwa hiyo kazi ya kiangazi ni kukusanya na kuhifadhi. Kuozesha ni kazi ya Oktoba, isipokuwa kwa majani yanayopita zizini, ambayo nitayafikia.

Tuanze na kufagia kwenyewe. Wahi asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Jani lenye unyevu kidogo halipeperuki na vumbi halipandi. Jua likishawaka, nyunyiza maji kiganja kwa kiganja kabla ya kuanza, kama wafanyavyo kina mama wengi. Mahali penye majani mengi tumia reki, fagio libaki kumalizia. Usitie mkono kwenye lundo lililolala siku kadhaa chini ya mti au kando ya ukuta. Lisogeze kwanza kwa reki au fimbo ndefu, uvae viatu vilivyofunika vidole. Nge wanapenda mahali hapo kuliko nyoka, na nge haonekani mpaka akuchome.

Jambo jingine la fagio ni udongo. Tumezoea kusifu uwanja uliofagiliwa ukabaki mwekundu, mtupu, wenye mistari ya njiti. Nenda ukatazame msingi wa nyumba iliyojengwa miaka ishirini iliyopita kwenye mteremko wowote wa Heru Juu. Safu ya kwanza ya mawe, ambayo fundi aliifukia, iko nje. Chini yake kuna uwazi unaoweza kupitisha kifaranga. Kizingiti kimekuwa kirefu kiasi kwamba mtoto anapanda kwa kushika kwa mikono miwili. Udongo ule ulikwenda kidogo kidogo na fagio kila asubuhi, na mvua ikabeba uliobaki kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuushika.

Fagia mpaka udongo uonekane pale unapofanyia kazi tu: mbele ya mlango, jikoni, mahali pa kuanikia maharage na muhogo, njia ya kwenda chooni. Sehemu nyingine ya uwanja ondoa majani kwa reki yenye meno mapana, uache ukoka uote. Na unapofagia, fagia kwa kukata mteremko, usisukume kuelekea bondeni. Hili la mwisho ni gumu kulizoea, maana mkono wenyewe unapenda kushuka.

Kabla ya kukusanya, chambua. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo yenye faida kuliko zote. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya biskuti, vifuniko vya chupa, betri za tochi na nyembe bado vimo kwenye kila lundo. Betri moja iliyopasuka ndani ya mboji inatosha kukuharibia kitalu cha mchicha. Weka ndoo pembeni, watoto wachambue vifuniko na plastiki, wewe mwenyewe ushughulikie nyembe na vioo.

Halafu majani yenyewe hayafanani, na kuyachanganya ovyo ndiko kunakowafanya watu waseme mboji haina maana. Majani ya mijakaranda na ya miti ya jamii ya kunde ni membamba au laini, yanaoza upesi. Haya ni dhahabu, yatunze yote. Majani ya mwembe ni magumu na yana nta, yataka kukanyagwa au kukatwakatwa kwa panga, la sivyo utayakuta mazima baada ya mwaka. Majani ya mkaratusi yana mafuta yanayozuia mimea mingine kuota vizuri. Hayafai kwenye mboji ya bustani. Yamwage kwenye njia za kupita shambani, ambako kuzuia magugu ndiyo kazi yenyewe, au kwenye makorongo madogo unayotaka kuyaziba.

Jani la mparachichi linahitaji tahadhari. Lina sumu kwa mbuzi, ng'ombe na kuku, na likikauka bado ni sumu. Kwa kuwa miparachichi imeongezeka sana kwenye maboma ya huku, na kwa kuwa mbuzi wa kiangazi ana njaa na hachagui, majani yake yasiingie zizini wala yasirundikwe mahali mbuzi anapoweza kufika. Yapeleke moja kwa moja kwenye shimo la mboji au chini ya mparachichi wenyewe.

Migomba haipukutishi, lakini kiangazi majani yake ya chini yanakauka na kuning'inia. Yakate yaliyokauka kabisa, uyalaze chini palepale. Hapa kuna ugonjwa wa kuangalia: mnyauko wa bakteria, uliokwisha kuumiza sana migomba Kagera na kuingia Kigoma. Mgomba unaoanza kunyauka na kugeuka manjano bila sababu ya ukame, wenye ndizi zinazoiva kabla ya wakati, au ambao ukiukata unatoa ute wa manjano kama usaha, usichukue jani lake hata moja kulipeleka kwingine. Ukate, uuache au uufukie palepale ulipo. Panga lisiguse mgomba mwingine mpaka ulisafishe kwa jiki au ulipitishe motoni hadi lipate moto sawasawa. Watu wanafahamu habari ya panga, ila wanasahau majani. Wanabeba mzigo wa majani kutoka shamba la jirani mgonjwa kuja kutandaza kwao, na ugonjwa unaingia umebebwa kichwani.

Sasa umekusanya. Unayapeleka wapi?

Kama una mbuzi, ng'ombe au nguruwe, jibu la kwanza ni zizi. Kila mwisho wa wiki tandaza toroli moja au mbili za majani makavu chini ya wanyama. Mkojo wao ndio maji usiyokuwa nayo, tena una naitrojeni nyingi, ambayo jani kavu linayo kidogo tu. Kwato zinafanya kazi ya kukatakata. Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba utakuwa na tabaka zito, jeusi, lenye joto. Litoe, lirundike kivulini, lifunike kwa majani ya migomba lisikaushwe na jua, na mvua za kwanza zikifika una samadi ya kuweka kwenye mashimo ya mahindi. Banda la kuku nalo linapokea majani vizuri, mradi yawe makavu kabisa; yakilowa yanaleta ukungu na kuku wanaugua kifua.

Kwa asiye na mifugo, au mwenye majani kuliko mifugo, jenga ghala la majani. Chomeka nguzo nne, zungushia fito, matete au wavu wa zamani, ukubwa wa hatua mbili kwa mbili. Jaza, kanyaga, jaza tena. Watoto watakufanyia kazi hiyo kwa furaha ukishahakikisha kwa fimbo kwamba hakuna kiumbe ndani. Juu weka matawi mazito au magogo ya migomba upepo usifungue. Lisiwe karibu na jiko, lisiwe kando ya njia ambako mpita njia anatupa kichungi cha sigara, na lisiegemee ukuta wa nyumba hata kidogo. Jani kavu kwenye ukuta wa tofali mbichi ni mwaliko kwa mchwa, na mchwa wa huku kwetu Buha hawahitaji mwaliko wa pili. Acha angalau mita moja ya udongo mtupu kati ya ukuta na kitu chochote kinachooza.

Sehemu ya majani haya, yale laini, yatie kwenye viroba vya salfeti vilivyotobolewa matundu. Mwagia maji ya kusuuzia vyombo, funga, weka nyuma ya nyumba kivulini, usahau. Baada ya mwaka hivi utafungua udongo mweusi mwepesi wa kujazia viriba vya miche ya kahawa, parachichi au miti. Wenye vitalu wengi huenda kuchimba udongo wa msituni kwa kazi hiyo. Kirobani mwako una ule ule, na msitu umebaki na wake.

Na hapo niongeze neno. Mtu akionja faida ya majani, kesho anataka kwenda porini na mkokoteni. Usiende. Chini ya mitundu na miyombo ya Kibondo, matandiko yale ya majani ndiyo yanayotunza unyevu wa udongo, na uyoga ambao kina mama wanauokota mvua zikianza unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hiyo hiyo. Kusanya ya uwanjani kwako, ya barabarani mbele ya nyumba, ya kanisani na shuleni ukiomba. Yanatosha.

Kuhusu siku ya kazi, kila nyumba ina utaratibu wake. Tangu tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kutaka watu washike mafagio, Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa ya usafi nchi nzima. Wasabato, ambao huku Buha ni wengi tangu enzi za misheni ya Heri upande wa Manyovu, wanamaliza yao Ijumaa kabla jua halijazama au wanangoja Jumapili. Vyovyote iwavyo, usingoje hiyo moja ya mwisho wa mwezi. Mtu aliyekaa wiki nne bila kufagia, akasikia mtendaji anapita, hachambui wala habebi, anawasha. Nusu saa kila wiki inakuokoa na siku nzima ya jasho, na majani ya wiki moja hayajapata nge wala vumbi. Mtendaji naye akikuta ghala lililozungushiwa fito, hahitaji maelezo marefu: anaona mwenyewe kwamba si takataka.

Moto basi usitumike kabisa? Karibu. Kuna vitu vinavyostahili kuchomwa: mashina ya nyanya yaliyokufa kwa ugonjwa, matawi ya kahawa yenye wadudu. Chimba shimo fupi, choma asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, kiasi kidogo kidogo, ndoo ya maji na tawi bichi vikiwa mkononi, na usiondoke mpaka umwagie na kukoroga majivu. Nje ya eneo la nyumba yako hiyo si hiari tena. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma majani na nyasi. Wafuga nyuki wa Kibondo na Kasulu hawahitaji kuisoma sheria hiyo. Mizinga yao inaning'inia juu ya miti ile ile ambayo moto wa kusafishia shamba la mtu mmoja unapita chini yake. Ukiona jirani anaandaa moto saa sita mchana wa Agosti, mwendee kwa upole: "Jirani, habari za mchana. Naomba hayo majani, nina zizi halina kitu." Mara nyingi atakupa, na atakusaidia kubeba.

Wakati huo huo linda boma lako dhidi ya moto wa wengine. Mwishoni mwa Juni, nyasi zikianza kukauka, palilia ukanda wa hatua nne au tano kuzunguka nyumba na shamba la migomba upande wa pori. Nyasi ulizokwangua ziende zizini.

Septemba panda ngazi. Kazi hii watu wanaiacha mpaka ngurumo za kwanza. Mifereji ya bati imejaa majani na vumbi, na mara nyingine kiota cha ndege. Mvua ikipiga hivyo, maji yanafurika ukutani, mengine yanatuama na kuzalisha mbu. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20 linashusha lita 960. Yaani mvua moja ya maana inakaribia kujaza tanki la lita 1,000, na mfereji ulioziba unakunyima karibu yote. Toa uchafu kwa mkono uliovaa glovu au kwa kipande cha dumu kilichokatwa, usisukumie kwenye bomba la kushukia. Mwagia ndoo mwanzo wa mfereji, utazame maji yanakwenda wapi. Yakisimama mahali, inua kishikio cha mfereji hapo. Mvua ya kwanza isiingie tankini. Geuza bomba pembeni mpaka maji yageuke meupe, kisha rudisha. Hayo machafu ya mwanzo yaelekeze kwenye shimo la mboji.

Na hapo mboji inaanza. Mvua ikishalowesha ardhi, fungua ghala la majani. Panga tabaka la majani unene wa shubiri moja, samadi vidole vinne, magugu mabichi uliyong'oa, udongo wa juu kiganja kwa kiganja, halafu rudia hadi kifuani. Upana usipungue mita moja, vinginevyo joto linatoka. Shika ngumi moja ya mchanganyiko uikamue. Matone mawili matatu yakitoka kati ya vidole, sawa. Yakichuruzika, ongeza majani makavu. Usipoona unyevu, ongeza maji. Katikati chomeka fimbo ndefu. Siku ya tano ichomoe uishike ncha: ikiwa ya moto na yenye unyevu, rundo liko hai. Ikiwa ya moto na kavu yenye utando mweupe, linataka maji. Ikitoka baridi na inanuka, limelowa mno, ligeuze siku hiyo hiyo. Hata lile zuri ligeuze baada ya wiki tatu, ya nje yaingie ndani, na urudie tena baada ya wiki nyingine tatu. Kwa miezi mitatu hivi litakuwa tayari, yaani kwa maharage ya Februari, si kwa mahindi ya Oktoba. Mahindi yamekwisha kupata ya zizini.

Majani yaliyobaki bila kuozeshwa tandaza kwenye migomba na kahawa baada ya palizi ya kwanza, udongo ukiwa umeshalowa, maana matandazo juu ya udongo mkavu yanazuia hata mvua ndogo isifike chini. Unene wa shubiri unatosha. Acha nafasi ya hatua moja fupi kuzunguka shina la mgomba, kwa sababu fukusi wanapenda giza lenye unyevu karibu na shina, na kwenye kahawa acha kiganja kizima. Baada ya wiki mbili pita ukiinua matandazo hapa na pale kwa fimbo. Ukiona njia za udongo za mchwa, yasogeze mbali zaidi na shina, na kama wamezidi yahamishie kwenye shimo la mboji.